Katuni za watoto: kutoka mkonge wa Tanga hadi wachungaji wa Wachwezi

Edward Saidi Tingatinga aliwahi kuwa kibarua wa mkonge mkoani Tanga. Alitoka Tunduru kuja kutafuta riziki miaka ya 1950, kisha akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupaka baiskeli, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoimudu. Alifariki mwaka 1972.

Wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 2010 wanyama wa aina hiyo wakatembea kwenye televisheni katika Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vilivyotengenezwa Nairobi kwa fedha kutoka nje.

Dar es Salaam haikuwa na fedha hizo. Taasisi ya Ubongo ilianzishwa huko mwaka 2013 na watu wachache, na Januari 2014 katuni yake, Ubongo Kids, ikaanza kurushwa TBC1. Michoro yake ilikuwa sahili mno ukiilinganisha na ya Marekani. Lakini ilifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya mzazi wake. Kwangu mimi hilo ni tukio kubwa kuliko filamu nyingi zilizotumia mabilioni.

Kampala nako, mwaka 2017, Raymond Malinga na studio yake ya Creatures walitoa A Kalabanda Ate My Homework, filamu fupi ya kompyuta kuhusu zimwi lililomlia mwanafunzi kazi yake ya nyumbani. Kazi ndogo hiyo ilitangulia kubwa: mwaka 2023 Malinga alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za Disney+. Katika filamu yake, Herderboy, aliwaweka wachungaji nusu mtu nusu mashine kwenye himaya ya Wachwezi wa simulizi za kale, wakipambana na mizimu. Mkenya Ng'endo Mukii naye alikuwamo, na filamu yake Enkai.

Mkusanyiko huo una jina la Kiswahili, lakini hauna filamu hata moja ya Tanzania. Inauma, maana visa tunavyo. Bahari ya Tanga ina silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi yake hapa Tanga ilitangazwa mwaka 2009. Vijana wa Tanga wenye kompyuta, hata iwe moja kwa watu watano, watengenezeeni watoto wetu filamu ya samaki huyo.