Uradidi na Matamko ya Kimchezo katika Kiingereza cha Watoto: Kutoka Masalia ya Kale hadi Sheria ya Uwanjani

Kwa muda mrefu, maneno yanayorudiwarudiwa katika usemi wa watoto wa Kiingereza yalichukuliwa kuwa ama mchezo wa sauti usio na maana ama mabaki ya mila zilizokwisha kufa. Makala haya yanadai kuwa mitazamo yote miwili ilitokana na kumweka mtoto pembeni ya utafiti unaomhusu. Watoto wenyewe walipoulizwa, ilibainika kwamba matamko hayo yana kazi ya kijamii: huamua haki.

Kimuundo, Kiingereza hakitumii uradidi kisarufi kwa upana kama Kiswahili, ambamo *piga* na *pigapiga* hutofautiana kimaana. Hata hivyo, kina aina tatu za uradidi wa kimchezo. Ya kwanza hurudia neno zima, kama *bye-bye*. Ya pili hubadili irabu, kama *zigzag* na *tip-top*. Humo irabu ya juu ya mbele hutangulia ile ya chini au ya nyuma. Ya tatu hubadili mwanzo wa neno na kuacha kina, kama *easy-peasy* na *helter-skelter*. Neno hili la mwisho limo katika tamthilia ya Shakespeare, *Henry IV*, sehemu ya pili. Ni dhahiri, basi, kwamba watoto hawakuubuni muundo huu. Waliurithi, wakaupa majukumu yao.

Wanazuoni wa karne ya 19 hawakuyatazama majukumu hayo. Edward Tylor, katika *Primitive Culture* (1871), aliihesabu michezo ya watoto miongoni mwa masalia ya desturi za kale. Henry Carrington Bolton (1888) aliziona nyimbo za kuhesabia, ambazo kwazo mtoto huwaelekezea wenzake kidole kwa kufuata mapigo hadi mmoja ateuliwe, kuwa mabaki ya uaguzi na upigaji kura wa kale. Nchini Marekani, William Wells Newell (1883) aliamini kwamba mapokeo hayo yalikuwa yakitoweka. Nadharia ya masalia ilikuwa na mvuto, lakini ilimfanya mtoto kuwa mbebaji tu wa urithi asioufahamu.

Mgeuko ulikuja na kazi ya Iona na Peter Opie, *The Lore and Language of Schoolchildren* (1959), iliyotegemea michango ya watoto wapatao 5,000 kutoka shule 70 za Uingereza, Skotilandi na Welisi, pamoja na moja ya Dublin. Hapo ilidhihirika kwamba mapokeo hayakuwa yamekufa, na kwamba watoto wana kanuni zao za kisheria zinazotekelezwa kwa matamko maalumu. Anayeokota kitu na kusema *finders keepers* hajitambi tu, anadai umiliki. John Trotter Brockett alikwisha kuorodhesha umbo la awali la tamko hilo katika kamusi yake ya maneno ya kaskazini mwa Uingereza mwaka 1825. Vivyo hivyo, watoto wawili wanapotamka neno moja kwa pamoja, anayewahi kusema *jinx* humfunga mwenzake kinywa hadi aachiliwe kwa utaratibu unaokubalika. Katika mfano huu marudio yenyewe, hata yakiwa ya bahati, ndiyo yanayozaa wajibu.

Inaweza kupingwa kwamba kina na takriri ni nyenzo za kumbukumbu tu. Hoja hiyo inaeleza kwa nini matamko hudumu, lakini haielezi kwa nini asiyewahi kutamka hupoteza haki. Mtoto hana hati, shahidi aliyeapishwa wala hakimu. Alicho nacho ni umbo la maneno ambalo kila mwenzake analitambua papo hapo na hawezi kulichanganya na mazungumzo ya kawaida. Uradidi na kina hulipa tamko umbo hilo.

Baada ya Peter kufariki mwaka 1982, Iona aliendelea kuichapisha kazi yao. *The People in the Playground* (1993) kilitokana na ziara zake za kila wiki katika uwanja wa shule moja ya Liss, Hampshire. Funzo kwa isimujamii ni la kimbinu: usemi unaoonekana kuwa upuuzi kwa asiyeutumia huenda ukawa sheria kwa anayeutumia. Kumnyima mtoto nafasi ya kuwa mtoa taarifa ni kuipoteza data yenyewe.