Tunduma na Nakonde: Sabuni, Shaba na Kwacha

Sisi Wanyamwanga tulikatwa mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Nusu ya ukoo wangu ikabaki upande wa Nakonde, Zambia ya leo, na nusu upande wetu wa Tunduma, Tanzania. Zambia ilipata uhuru 1964 ikiwa na shaba, sisi tukiwa na jembe. Bei ya shaba ilianguka 1975, lakini hata baada ya Vita vya Kagera, maduka yetu yalipokuwa matupu, mama alivuka kufuata sabuni na mafuta ya kula. Alirudi navyo vimefichwa ndani ya mzigo wa kuni, moyo ukimdunda.

Kisha mambo yakageuka. Kwacha iliporomoka hadi Wazambia wakaifutia sifuri tatu mwaka 2013, na wanunuzi wao wakajaa Tunduma kutafuta vitenge, viatu na mchele wa Kamsamba. Shuleni wamesoma kwa Kiingereza. Sokoni kwetu wanapatana bei kwa Kiswahili, tena safi.

Vijana wa mkoa wetu wa Songwe, waulizeni akina mama waliovuka enzi zile. Andikeni bidhaa, bei na njia walizopita, wangali hai.