Mtakatifu Klara na kitochi cha Arash

Usiku wa Noeli mwaka 1252, mtawa mmoja alikuwa amelala kitandani mjini Assisi, Italia, amedhoofika kwa maradhi ya miaka mingi. Wenzake walikwenda kanisani, yeye akabaki. Mapokeo yanasema aliiona Misa ya usiku ule na kuzisikia nyimbo zake akiwa palepale chumbani. Zaidi ya miaka 700 baadaye, mwaka 1958, Papa Pio XII alimtangaza mtawa huyo, Mtakatifu Klara, kuwa msimamizi wa televisheni.

Kila nikisoma habari hii, televisheni naisahau upesi. Kinachobaki akilini ni yule mgonjwa aliyeshindwa kufika. Na nikimfikiria, huwaza Arash, kijiji cha wafugaji wa Kimasai tarafani Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, ambako kushindwa kufika ni jambo la kila siku. Mvua ikinyesha sana, gari linakwama. Ng'ombe wakifuata malisho, vijana wanawafuata.

Wasimamizi wa mitambo hii yetu, ukiwatazama vizuri, karibu wote ni watakatifu wa umbali. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV aliwapa marubani Bikira Maria wa Loreto, kwa sababu ya simulizi kwamba nyumba yake ya Nazareti ilibebwa angani na malaika. Mwaka 1951 Pio XII alimweka Malaika Mkuu Gabrieli, mpeleka habari, awasimamie watu wa simu, telegrafu na redio. Kwa intaneti, waamini wengi humtaja Isidori wa Sevilla, askofu aliyefariki mwaka 636 baada ya kukusanya elimu ya zama zake katika kitabu kimoja kikubwa. Vijana wao wanamtaja Carlo Acutis, mvulana aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye alitumia kompyuta yake kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Loliondo yenyewe ililijua tatizo la umbali kabla ya mitambo hiyo kufika. Katika miaka ya 1960 Herbert Watschinger, padri ambaye pia alikuwa daktari, alitoka Austria akaanzisha hospitali ya Wasso. Karibu na wakati huohuo, Mei 1966, Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alimwandikia askofu wake wa Arusha barua nzito. Misheni ilikuwa na shule, zahanati na magari, lakini kwa maneno yake, Wamasai hawakuwa wakizungumziwa habari za Mungu. Akaomba ruhusa aende boma kwa boma azungumze nao hilo tu. Kitabu alichokitoa mwaka 1978 kuhusu safari hizo bado kinasomwa na wamisionari duniani.

Humo kuna jambo moja ambalo silisahau. Kwa Mmasai nyasi ni amani, maana ng'ombe huishi kwa nyasi. Misa ilipoadhimishwa bomani, kishada cha majani mabichi kilipitishwa mkono kwa mkono, familia kwa familia. Aliyekuwa na kinyongo na jirani asipokipokea, kishada kilikwama, na Misa ikakwama nacho. Hakuna mtambo ninaoujua uwezao kupitisha kishada kile.

Mwaka 2011 wilaya hii ilionyesha upande mwingine wa habari inayosafiri upesi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, akaanza kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500 kijijini Samunge. Simu, redio na magazeti vikaipeleka sauti yake nchi nzima na nje ya mipaka. Foleni ya magari ikawa kilomita nyingi, helikopta zikatua, na wagonjwa mahututi walifia njiani. Wapo walioacha dawa za hospitali. Siwacheki waliokwenda, nimekaa na mgonjwa, najua mtu hushika chochote. Lakini naamini kwamba habari zilifika mbali kuliko uangalizi, na wanyonge ndio waliolipa.

Siku hizi kazi ya maombezi imehamia kwenye jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Kila jumuiya ina msimamizi wake, Karoli Lwanga, Anna, Yosefu, na jina hilohilo sasa ndilo jina la kundi la WhatsApp. Alfajiri nia zinaingia: tumwombee mama fulani, amelazwa Wasso, mtoto wa fulani anafanya mtihani. Majibu yanafuatana, utuombee, utuombee, mpaka kioo kinajaa.

Vijana wengi wa huku ni walinzi Dar es Salaam na Zanzibar. Nimewahi kukaa karibu na bibi mmoja akimpigia mwanawe, kitochi chake kikiwa kwenye kifuko cha shanga shingoni. Alikitoa, akakiweka sauti ya nje, akaanza kumbariki kwa Kimaa kama wazee wanavyobariki, tamko fupi, kisha kimya cha kungoja jibu. Baraka ya mzee huambatana na mate, dalili ya utamu wa moyo. Bibi alitema kidogo kiganjani, akakipangusa kitochi, kwa upole, kama anampangusa mtoto paji la uso.

Kutoka huko mbali, katikati ya honi za magari, sauti ya kijana ikawa inaitikia kila tamko: Naai. Naai. Naai.