Msomaji wa Mtihani: Mwenyeji au Mgeni?

Kumsomea mtahiniwa maswali, au kumwandikia majibu yake, ni kazi idhaniwayo kuwa nyepesi. Watu husema kwamba ajuaye kusoma na kuandika, akiwa mwaminifu, amekwisha kufaa. Lakini mitihani miwili ya Helen Keller, mwanafunzi wa Kimarekani asiyeona wala kusikia, yatuonyesha kuwa uaminifu ni nusu tu ya kazi hiyo.

Keller alizaliwa Alabama mwaka 1880, na kabla hajatimiza miaka 2 maradhi yalimwondolea kuona na kusikia. Tangu 1887 mwalimu wake, Anne Sullivan, alimfundisha kwa alama za vidole alizozifanya kiganjani mwake, kila alama herufi moja. Alipotaka kuingia chuo cha Radcliffe, Massachusetts, ilimpasa kufanya mitihani ile ile ya wenziwe. Hapo likazuka swali: nani amsomee karatasi? Mwalimu aliyezoeana naye angeweza kushukiwa kuwa amempa na majibu.

Mtihani wa kwanza ulianza tarehe 29 Juni 1897. Arthur Gilman, mkuu wa shule yake, alikuwa amejifunza zile alama za vidole. Alimsomea karatasi nzima, kisha sentensi moja moja, naye Keller akayarudia maneno kwa sauti ili ijulikane kuwa ameyapata sawasawa. Majibu aliyapiga kwa taipureta, katika chumba cha peke yake ili mlio usiwasumbue wengine; na mlangoni akawekwa mlinzi. Kisha Gilman alimsomea aliyoyaandika, kwa kadiri muda ulivyoruhusu, akatia masahihisho aliyoyataka mwenyewe Keller. Mwisho alitoa hati ya kushuhudia kuwa majibu yale ni ya mtahiniwa huyo. Keller alifaulu masomo yote.

Mtihani wa pili ulikuwa tarehe 29 na 30 Juni 1899. Safari hii Bibi Sullivan hakuruhusiwa kumsomea. Aliajiriwa Eugene Vining, mwalimu katika shule ya vipofu ya Perkins, anakili karatasi kwa nukta nundu za mtindo wa Kimarekani. Bwana huyo hakujuana na Keller, wala hakuweza kusema naye ila kwa maandishi hayo. Msimamizi naye alikuwa mgeni.

Katika lugha mambo yalikwenda vyema. Taabu ilikuwa katika hesabu. Keller alizoea alama za aljebra za mtindo wa Kiingereza, na siku mbili tu kabla ya mtihani ndipo alipotambua kuwa za Kimarekani ni nyingine. Aliletewa orodha ya alama hizo, lakini usiku wa kuamkia mtihani alikuwa bado akihangaika na mabano na vipeuo. Mtihanini alilazimika kulisoma swali mara nyingi kabla ya kulielewa. Na alipomaliza, hapakuwa na mtu wa kumsomea alichokiandika.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akazidi kutaabika. Wala kosa si la Vining, ambaye alitimiza alichoagizwa. Kosa ni la kudhani kuwa haki hupatikana kwa kumweka mbali kila amjuaye mtahiniwa. Mwaka 1897 shaka ilikwisha kujibiwa kwa mlinzi, kwa hati, na kwa chumba cha peke yake. Haikuhitaji kujibiwa kwa kumnyima mwanafunzi njia aliyoizoea.

Keller alifaulu mtihani huo pia, na mwaka 1904 alihitimu Radcliffe. Hata hivyo, kufaulu kwake si hoja ya kuusifu utaratibu ule, kwa maana alipimwa aljebra pamoja na alama ngeni, na wenziwe walipimwa aljebra peke yake.

Basi anayejitolea kazi hii ajifunze njia ya mtahiniwa kabla ya siku yenyewe. Asome kilichoandikwa bila kukifafanua. Aandike kilichosemwa, hata kikiwa na makosa. Kisha amsomee tena mwenyewe. Ulinzi wa mlango wawezekana kufanywa na mtu mwingine.