Peugeot 404 na kiswichi chake

Jamani, tukiwasifu madereva wa Safari Rally, mbona vyuma vyao hatuvitaji? Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Gari hilo, lililotoka 1960, lilikuwa na feni isiyozunguka muda wote. Kazi ya kuiamsha ilikuwa ya swichi ndogo inayosikia joto la maji ya injini.

Swichi nyingi za zamani za aina hii zina kibati cha metali mbili zilizoshikanishwa. Moja hutanuka kuliko nyingine, kwa hiyo joto likipanda kibati kinapinda, umeme unapita, sumaku inainasa feni. Maji yakipoa kinarudi, feni inaachiwa. Hakuna kompyuta hapo! Wazo la kibati ni la John Harrison, fundi saa wa Uingereza wa karne ya 18, aliyekuwa akihangaika na saa za melini.

Ubaya wake, waya ukikatika hupewi taarifa. Feni imelala, gari linachemsha, silinda hedi inapinda. Ndiyo maana mafundi wetu wengi, wakikutana na feni ya umeme, huiruka swichi na kuiunga moja kwa moja. Siwalaumu sana, ila injini inachelewa kupata moto na mafuta yanaliwa bure.