Ukanda na Bizimu: Beji za Koo za Uskoti na Maana ya Utii

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii, ambayo asili yake ni vyombo vya baharini, yafaa vilevile kwa alama ambazo wanadamu huzivaa miilini mwao. Tuonapo utepe, nishani au picha iliyobandikwa kifuani, twadhani kwamba kitu kile kilikuwapo tangu enzi na enzi, kumbe kiliundwa na watu, katika wakati maalumu, kwa haja maalumu. Katika makala haya twataka kuichunguza alama moja ya namna hiyo, nayo ni beji ya ukoo ivaliwayo na Waskoti. Tumeichagua si kwa kuwa ni ya ajabu kuliko nyingine, bali kwa kuwa historia yake yaonyesha jinsi alama ya utii inavyoweza kustawi wakati uleule ambapo wale waliostahili kuulinda utii huo wanauvunja.

Kwanza tuieleze beji yenyewe. Ni kitu kidogo cha madini, aghalabu fedha au madini yafananayo nayo, nacho hubandikwa kwenye kofia. Katikati pana picha: kichwa cha nguruwe-mwitu kwa akina Campbell, kichwa cha fahali kwa akina MacLeod, mishale mitano iliyofungwa pamoja kwa akina Cameron. Kuizunguka picha hiyo umechorwa ukanda wenye bizimu, na juu ya ukanda yameandikwa maneno machache ambayo ni wito wa ukoo. Wito wa akina Campbell, ulioandikwa kwa Kilatini, maana yake ni “Usisahau.” Ule wa akina MacLeod wasema “Shikilia Imara,” na ule wa akina Cameron, kwa lugha ya Kigaeli, wawaamuru watu waungane.

Sasa yafaa msomaji aangalie jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa beji hizi hawalijui. Kwa mujibu wa sheria za nembo za Uskoti, picha ile ya katikati si mali ya ukoo, wala si mali ya mtu aivaaye. Ni mali ya mkuu wa ukoo peke yake. Ukanda na bizimu ndivyo vinavyotangaza kwamba avaaye ni mfuasi tu, aliyejifunga kwa mwenye nembo. Mkuu mwenyewe hajifungi ukanda. Beji yake huzungukwa na duara tupu, na juu yake huweka manyoya matatu ya tai. Viongozi wa matawi ya ukoo huweka manyoya mawili, na mtu aliyepewa nembo yake binafsi huweka moja. Msimamizi wa mambo haya ni ofisa wa kifalme aitwaye Lord Lyon, mwenye mahakama yake mjini Edinburgh, na daftari la nembo zote za nchi liliwekwa chini yake kwa sheria ya mwaka 1672. Basi katika kitu kidogo kisichozidi kiganja cha mtoto mna mfumo mzima wa daraja: nani ni bwana, nani ni mfuasi.

Lakini ukoo wenyewe ulikuwa nini? Neno la Kigaeli ni *clann*, na maana yake ni “watoto.” Sisi tumezoea kulifasiri kwa neno “ukoo,” na tafsiri hiyo si mbaya, ila yafaa tukumbuke kwamba katika Nyanda za Juu za Uskoti wengi waliohesabiwa kuwa watoto wa ukoo hawakuwa na nasaba moja na mkuu wao. Walikuwa watu walioishi katika ardhi yake, wakajiweka chini ya ulinzi wake, na baadhi yao wakachukua jina lake. Kiungo baina ya pande mbili hizi kilikuwa na masharti, ingawa hayakuandikwa. Watu walimpa mkuu mikono yao ya kazi na, vita vilipozuka, panga zao. Mkuu naye aliwapa ulinzi, hukumu na mahali pa kuishi. Watu waliamini kwamba kwa kukaa katika bonde lile kizazi baada ya kizazi walikuwa na haki ya kuendelea kukaa. Haki hiyo waliiita *dùthchas*. Haikutambuliwa katika hati za mahakama, lakini iliishi katika nyoyo za watu.

Katika zama hizo, je, beji zilikuwapo? Beji ya ukanda na bizimu tunayoijua leo haikuwapo. Mapokeo yasema kwamba kila ukoo ulikuwa na mmea wake, na watu wake walichomeka kitawi cha mmea huo katika kofia zao: msonobari kwa akina MacGregor na akina Grant, mreteni kwa akina MacLeod, na kwa akina MacDonald kile kichaka kifupi cha milimani chenye maua ya zambarau kiitwacho *heather*. Orodha kamili za mimea hii zilikusanywa baadaye sana, katika karne ya 19, na wataalamu wana mashaka juu ya sehemu yake kubwa. Lililo hakika ni kwamba watu walijitia alama za muda vitani ili wasiuane wao kwa wao. Mwezi wa Septemba 1644, jeshi la Montrose lilipopigana karibu na mji wa Aberdeen, askari wake walivaa mashuke ya nafaka kofiani. Miaka mia moja baadaye, wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart walijulikana kwa kifundo cha utepe mweupe, na wapinzani wao kwa kifundo cheusi.

Tuongeze kwamba siku zile jina na alama vingeweza kuwa suala la uhai na mauti. Mwaka 1603, baada ya akina MacGregor kuwashinda na kuwaua maadui wengi katika bonde la Glen Fruin, serikali ya Mfalme James VI ilipiga marufuku jina lao. Mtu aliyejiita MacGregor aliweza kuuawa kwa kulitaja. Wakajigawa katika majina ya jirani zao, wengine wakawa Campbell, wengine Drummond, wengine Murray. Ingawa marufuku iliwahi kulegezwa kwa muda, haikufutwa kabisa mpaka mwaka 1774. Watu waliokaa bila jina kwa vizazi vingi hawakuhitaji beji ya fedha ili wajue wao ni nani.

Vita vilivyoamua hatima ya koo vilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746 katika uwanja wa Culloden, karibu na Inverness. Havikuchukua hata saa nzima. Jeshi la mwanamfalme Charles Edward Stuart lilivunjwa na jeshi la serikali lililoongozwa na Cumberland, mwana wa Mfalme George II. Wengi hudhani kwamba ilikuwa vita baina ya Waingereza na Waskoti. La hasha. Koo zilikuwa pande zote mbili, na utii wenyewe haukuwa mnyoofu. Mkuu wa akina Mackintosh alikuwa ofisa katika jeshi la serikali, ilhali mkewe, Anne, aliwakusanya watu wa ukoo uleule wakapigane upande wa mwanamfalme. Waliomfuata mke, je, walimwasi mkuu wao au walikuwa waaminifu kwa ukoo wao? Swali hilo halina jibu jepesi, na beji yoyote isingeweza kulijibu.

Baada ya ushindi, serikali haikutosheka na kuwaadhibu waasi. Ilikusudia kuung'oa mfumo. Sheria moja iliwaondolea wakuu wa koo mamlaka yao ya kurithi ya kuwahukumu watu. Nyingine iliwakataza wanaume na wavulana, isipokuwa waliokuwa askari wa mfalme, kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita, na mara ya pili alihamishwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hii ya mavazi ilifutwa mwaka 1782. Katika muda wa miaka hiyo thelathini na zaidi, badiliko kubwa lilikwisha kutokea, nalo halikuwa la nguo. Mkuu wa ukoo, ambaye hakuwa tena hakimu wala jemadari wa watu wake, alibaki kuwa mwenye shamba. Zamani utajiri wake ulihesabiwa kwa idadi ya wanaume aliowalisha. Sasa ulihesabiwa kwa kodi. Na kondoo walileta kodi kuliko watu.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari. Mnamo Agosti 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott ndiye aliyeipanga ziara hiyo, naye aliwaalika wakuu wa koo waje na wafuasi wao wakiwa wamevalia kikwao. Mfalme mwenyewe alivaa kilti, yeye ambaye Cumberland, mshindi wa Culloden, alikuwa mdogo wa babu yake. Vazi lililokuwa kosa la jinai likawa vazi la heshima. Tangu hapo mtindo ukaenea, vitabu vikachapishwa, kila ukoo ukapangiwa miraba ya nguo yake. Na katika karne hiyohiyo beji ya ukanda na bizimu ikapata sura tuijuayo leo.

Miongoni mwa waliojitokeza kwa fahari mwaka huo alikuwa Alasdair Ranaldson MacDonell, mkuu wa Glengarry. Beji ya ukoo wake ina picha ya kunguru juu ya mwamba. Mtu huyu alipenda desturi za kale kuliko wenzake wote: alitembea na kundi la wafuasi wenye silaha, alichorwa na msanii mashuhuri Raeburn akiwa katika mavazi kamili, na mwaka 1815 aliunda chama cha Wananchi wa Kweli wa Nyanda za Juu. Lakini mkuu huyuhuyu, kama wazazi wake kabla yake, aliwaondoa watu katika mabonde yao ili kupisha kondoo. Wengi wa watu wa Glengarry walivuka bahari hadi Kanada, na sehemu ya Ontario walikofikia ingali inaitwa Glengarry hadi leo. Walichukua jina wakaliacha bonde.

Huko Sutherland mambo yalikuwa mazito zaidi. Beji ya ukoo huo ina paka-mwitu, na wito wake maana yake ni “Bila Hofu.” Katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19, maelfu ya watu waliondolewa katika mashamba ya Bibi Elizabeth, ambaye ndiye aliyekuwa mrithi wa ukoo. Mwaka 1814 nyumba zilichomwa moto katika bonde la Strathnaver. Wakala wa mashamba, Patrick Sellar, alishtakiwa mwaka 1816 naye akaachiliwa. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1886 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuwalinda wakulima wadogo wasifukuzwe ovyo.

Habari hizi si za mbali na sisi kama zinavyoonekana. Wasomaji wetu walijua jina la David Livingstone, aliyekutana na Stanley mjini Ujiji mwaka 1871. Livingstone aliandika kwamba baba wa babu yake alianguka Culloden akipigania wafalme wa zamani, na kwamba babu yake alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva. Shamba halikuwatosha, babu akahamia Blantyre, kwenye viwanda vya pamba, ambako mjukuu alizaliwa mwaka 1813, na akiwa na umri wa miaka kumi aliingizwa kiwandani. Kisiwa cha Ulva chenyewe kiliondolewa wakazi wake wengi katika miaka ya 1840. Alipokizuru mwaka 1864, Livingstone alikikuta karibu kitupu. Msafiri yule aliyefika katika nchi zetu alikuwa mjukuu wa watu waliokwisha kung'olewa kwao.

Leo beji za koo huuzwa madukani, na wavaaji wake wengi huishi Kanada, Marekani, Australia na New Zealand. Wengi wao ni wajukuu wa waliofukuzwa. Huvaa ukanda na bizimu, yaani hujitangaza kuwa wafuasi wa mkuu ambaye huenda babu zake ndio waliowachomea babu zao nyumba. Je, tuwacheke? Hatudhani kwamba ni haki. Mtu aliyepoteza bonde, lugha na makaburi ya wazee wake hushika kilichosalia, hata kama ni kipande cha madini. Kwake beji ile haimtaji mkuu. Inamtaja mama, babu, na mahali ambapo hajapata kupaona.

Hata hivyo, sisi walimu tuna wajibu mwingine. Mwanafunzi akileta darasani alama yoyote, iwe ya ukoo, ya chama, ya shule au ya taifa, tusiishie kumwuliza rangi na picha zake zina maana gani. Tumwulize pia: ni mali ya nani? Anayeivaa amejifunga kwa nani? Na huyo aliyefungiwa, naye ameahidi nini? Katika beji ya Kiskoti ahadi ya mfuasi imechorwa wazi, nayo ni ule ukanda. Ahadi ya mkuu haikuchorwa popote. Ilikuwa katika *dùthchas*, katika neno lisiloandikwa, na ilipovunjwa hapakuwa na mahakama ya kuidai.