Rudolf Virchow Bungeni

Rudolf Virchow (1821–1902), daktari wa patholojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoathiri mwili, aliingia katika siasa kupitia sayansi yake mwenyewe, kwani mwaka 1848, alipotumwa na serikali ya Prussia kuchunguza mlipuko wa taifasi, homa inayoenezwa na chawa, katika eneo la Silesia ya Juu, alihitimisha kwamba wakazi wale maskini walihitaji elimu, uhuru na ustawi kuliko dawa. Mwaka 1861 alishiriki kuanzisha Chama cha Maendeleo cha Ujerumani, na kuanzia 1862 hadi kifo chake alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Prussia, ambako alitetea haki ya bunge kuidhinisha bajeti, hasa fedha za jeshi, dhidi ya waziri mkuu Otto von Bismarck. Mwaka 1865 Bismarck, akiona Virchow amemvunjia heshima, alimtaka wapigane kwa silaha, mmoja kwa mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa tabaka lao; Virchow alikataa, na kukataa huko kulidai ujasiri mkubwa. Kati ya 1880 na 1893 aliketi pia katika Reichstag, bunge la dola nzima ya Ujerumani. Hata hivyo, kazi yake iliyogusa maisha ya wengi ilifanyika katika Halmashauri ya Jiji la Berlin, aliyoitumikia tangu 1859, ambako alipigania mfumo wa mabomba ya majitaka uliobuniwa na mhandisi James Hobrecht, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 1873.